Giza Lililofanyiwa Kazi

Kuna filamu ambazo watu huzijadili kama vitendawili: kila anayetoka ukumbini anaulizwa ameelewa nini, na asiye na jibu anaonekana amepitwa. Eraserhead, filamu ndefu ya kwanza ya David Lynch, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles mwezi Machi 1977, imeandamwa na swali hilo kwa karibu nusu karne. Yule mtoto ni nani? Mwanamke anayeishi ndani ya rejeta ni faraja au ni mauti? Mtu mwenye ngozi iliyobabuka, anayevuta mitambo ndani ya sayari yenye giza, ni Mungu, ni shetani, au ni woga tu uliovishwa mwili? Si maswali ya kipuuzi, ila yanatangulizwa mahali ambapo hayakustahili kutangulia. Ninachoshikilia mimi ni kwamba filamu hii inatisha, na inakataa kutoka akilini, kwa ufundi wake kabla ya maana yake. Kila kinachoonekana ndani yake kuwa wazimu kimepimwa, kimewekewa taa, kimetiwa sauti na kusubiriwa kwa nidhamu ambayo filamu nyingi za akili timamu hazina. Anayetaka kuitendea haki aanze na mikono iliyoitengeneza.

Kwanza tuondoe dai kwamba haina kisa. Kisa kipo, tena chepesi. Henry Spencer, mpiga chapa aliye likizoni, aliyeigizwa na Jack Nance, anaishi katika chumba ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa matofali. Anaitwa kula chakula cha jioni kwa wazazi wa Mary, msichana wake. Huko anaambiwa kuna mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, na kwamba itabidi amuoe Mary. Mary anahamia kwake na kile kichanga, ambacho hakifanani na kichanga chochote cha binadamu. Kinalia usiku kucha. Mary anashindwa, anarudi kwao. Henry anabaki, analala na mwanamke wa chumba cha pili, anaota ndoto mbaya, na mwishowe anachukua mkasi na kuikata bendeji iliyomfunga mtoto. Mimba, ndoa ya kulazimishwa, mke aliyerudi kwao, jirani mwenye kishawishi, baba aliyezidiwa: visa vya namna hiyo husimuliwa barazani kila siku na hakuna anayelalamika kwamba haelewi. Basi ugeni wa filamu hii hautoki kwenye kisa. Unatoka kwenye namna kilivyotengenezwa, na hapo ndipo inafaa tukae.

Tutazame lifti. Henry anaingia, anabonyeza kitufe, anasimama akitazama mbele, nywele zimesimama wima kichwani. Milango haifungi. Sekunde zinapita, nyingi kuliko mhariri wa kawaida angeziruhusu, naye amesimama tu bila hasira wala mshangao. Hatimaye milango inajifunga. Hapajatokea lolote, lakini mtazamaji ameshafundishwa sheria ya mahali hapa: humu vitu vina saa yao, na binadamu ndiye mwenye kuvisubiri. Kabla ya hapo Henry alikuwa amekanyaga dimbwi la maji. Akifika chumbani anavua soksi iliyolowa na kuianika juu ya rejeta, kile chuma cha kupashia vyumba joto katika nchi za baridi. Ni rejeta hiyohiyo ambayo baadaye itafunguka na kuonyesha jukwaa dogo, na mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba akiimba habari za mbinguni. Utaratibu huo si wa bahati. Rejeta imeanikiwa soksi kwanza, ndipo ikapewa kazi ya kuwa mlango wa ndoto. Mwongozaji mwenye pupa angeanza na jukwaa. Lynch ameanza na soksi, na kwa kuwa tumeiamini soksi, tunakosa pa kusimama tunapotaka kulikataa jukwaa.

Au tuchukue usiku ambao Mary anaondoka. Amevaa koti lake, amepiga magoti miguuni mwa kitanda, tunauona uso wake nyuma ya vyuma vya kitanda, na ghafla kitanda chote kinaanza kutikisika. Kinatikisika, kinaacha, kinatikisika tena. Macho yake yamekaza. Analia? Ameshikwa na kifafa? Anaswali kwa hasira? Mtazamaji anapitishwa katika mawazo yote hayo, kila moja baya kuliko lililotangulia, halafu linachomoka sanduku la nguo lililokuwa limekwama chini ya kitanda. Maelezo ni ya kawaida kabisa, na bado hayaondoi hata chembe ya hofu tuliyokwisha kuipata. Hapa hakuna zimwi wala hila ya kamera. Kuna mwigizaji, Charlotte Stewart, kuna kitanda, na kuna uamuzi wa kuficha chanzo cha mtikisiko na kuuacha uendelee kupita kiasi. Vitu vitatu vya bei rahisi. Kujua kuviacha kwa muda gani ndiko kusikonunulika.

Meza ya chakula kwa kina Mary inafanya kazi kwa sheria ileile, ila kwa ukali zaidi. Sebuleni watoto wa mbwa wananyonya sakafuni kwa kelele isiyolingana na udogo wao. Jikoni bibi kizee amekaa bila kutikisa hata kope; mama wa nyumba anampakatisha bakuli la saladi, anamshika mikono, na kuichanganya saladi kwa mikono ile isiyo na uhai, kama jambo la kila jioni. Vinaletwa vijikuku vidogo, ambavyo baba anasema vimetengenezwa na binadamu, na mgeni anaombwa avikate kama anavyokata kuku wa kawaida. Henry anachoma uma. Vipaja vinaanza kupanda na kushuka, na majimaji meusi yanatoka yakitokota. Wote wanatazama. Baba anaendelea kutabasamu tabasamu ambalo limeganda muda mrefu kupita adabu. Inachekesha, na asiyecheka hapo hajaitazama vizuri. Lakini kicheko chenyewe kinakwama, kwa kuwa adabu ya chakula imetunzwa yote: mgeni kaheshimiwa, kapewa kisu, kaombwa agawe. Kitu kimoja tu ndicho kimebadilishwa, nacho kiko katikati ya sahani.

Hilo ndilo jambo linalomtenga Lynch na wazee wa filamu za ndoto waliomtangulia. Luis Buñuel na Salvador Dalí, walipotengeneza Un Chien Andalou mwaka 1929, waliapa kutoingiza picha yoyote inayokubali maelezo ya akili. Nguvu ya filamu yao ni kugonganisha picha zisizojuana, na jicho linapasuliwa kwa wembe kabla mtazamaji hajakaa sawa kitini. Ni kazi kubwa, lakini mshtuko wake ni wa kupigwa kofi. Eraserhead haipigi kofi. Inamkalisha mtazamaji, inamwonyesha chumba, inamzoesha chumba, na siku chumba kinapobadilika hana tena mahali pengine pa kukimbilia, maana ameshahamia humo. Kwa maoni yangu njia ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kushtua kunahitaji ujasiri. Kumfanya mtu aishi ndani ya jambo lisilowezekana kunahitaji uvumilivu wa fundi.

Chombo cha kwanza cha uvumilivu huo ni giza. Mwaka uleule wa 1977 Star Wars ilijaza kumbi za Marekani kwa rangi na miale, na picha ya nyeusi na nyeupe ilikwisha kuonekana ni mambo ya zamani. Lynch alikuwa amesomea uchoraji katika Pennsylvania Academy of the Fine Arts mjini Philadelphia kabla ya kushika kamera, na giza lake ni giza la mchoraji. Katika nakala ya filamu ya nyeusi na nyeupe, weusi ni chembe za madini ya fedha zilizosongamana na kuzuia taa ya projekta. Kwa hiyo weusi huo ni kitu halisi, una uzito na viwango. Wapiga picha wawili, Herbert Cardwell aliyeanza na Frederick Elmes aliyemalizia, waliutumia kama kuta. Taa ndogo ya mezani inaangaza kona, na nje ya duara lake hakuna chumba tena. Ulimwengu unakoma pale mwanga unapokoma. Ndiyo maana mazizi ya zamani ya farasi katika jumba la Greystone, Beverly Hills, ambako Taasisi ya Filamu ya Marekani ilikuwa na shule yake, yaliweza kugeuka mji mzima wa viwanda. Kazi ilifanyika zaidi usiku. Hakuna mahali ambapo jicho linashika ukingo wa mandhari na kusema, hapa ndipo maigizo yanapoishia.

Tazama hasa wanavyomwekea mtoto taa. Amelazwa juu ya meza, kiwiliwili kimefungwa bendeji, shingo nyembamba, kichwa kama cha mnyama aliyechunwa, macho pembeni. Anapumua, anameza, anageuza jicho. Kuna wakati Henry anampima kwa kipimajoto, anakisoma, anaona hali ni ya kawaida, na akigeuka tena uso wa mtoto umejaa vidonda. Mwanga unapita kwenye ngozi iliyolowa kiasi cha kuonyesha kwamba ni laini na kwamba inauma, kisha unaishia kabla jicho halijapata nafasi ya kuchunguza mishono. Lynch, aliyefariki Januari 2025, hakuwahi kueleza hadharani mtoto yule alitengenezwa kwa vitu gani na alichezeshwa vipi. Wengine wameuona ukimya huo kuwa mbinu ya biashara. Mimi naona ni sehemu ya kazi yenyewe: angetuambia, kila mtazamaji angekuwa anatafuta waya badala ya kumtazama mgonjwa.

Chombo cha pili ni sauti, na kama ningelazimishwa kuchagua kimoja ningechagua hiki. Lynch aliitengeneza pamoja na Alan Splet, na walichokijenga ni mvumo usiokatika: mitambo ya mbali, mvuke, upepo, umeme unaonung'unika. Umeingia kila chumba kama unyevu unavyopanda ukutani. Huoni ukifika, unaona tu rangi imeanza kubanduka. Kila sehemu ina kiwango chake cha mvumo, na mlango ukifunguliwa kiwango kinabadilika. Kwa mbali hupita kinanda cha Fats Waller, muziki wa furaha unaosikika kama umepotea njia. Ikisemwa kwamba kelele yoyote ya kukera ingefanya kazi hiyo, jibu liko katika kilio cha mtoto. Kilio kile chembamba kimewekwa juu ya mvumo ule mzito, na kinapokoma, mvumo uliokuwa ukitutia hofu mwanzoni unageuka kuwa nafuu. Tumeanza kuuona kuwa ndio utulivu wa nyumbani. Kelele za ovyo haziwezi kumhamisha msikilizaji hivyo. Tena sikio ndilo linaloshikiza picha zisizoshikamana: jicho linapinga kwamba rejeta ina jukwaa ndani, lakini sauti imevuka kutoka chumbani hadi jukwaani bila kukatika, na sikio limekubali kwamba ni sehemu moja.

Pingamizi zito zaidi ni hili: pengine tunausifu umaskini na kuuita ufundi. Ni kweli kwamba fedha hazikuwepo. Hati ya filamu ilikuwa na kurasa 21, taasisi ilitoa dola 10,000 ikitegemea filamu fupi, na fedha zikaisha mapema. Utengenezaji ulioanza mwaka 1972 ukaburuta kwa miaka. Lynch aligawa magazeti ili aendelee. Catherine Coulson, msaidizi wake, alichangia kipato chake cha kuhudumu mgahawani. Marafiki zake, Jack Fisk na Sissy Spacek, walisaidia kwa fedha zao. Nywele za Jack Nance zilipaswa kubaki vilevile miaka yote hiyo. Lynch alisimulia kwamba kati ya picha ya Henry akiwa ukumbini kuelekea mlangoni kwake na picha ya kuingia ndani ulipita takriban mwaka mmoja na nusu. Naukubali ukweli wote huo, na sitaki kuupamba: shida ya fedha imeua filamu nyingi kuliko ilizozaa, na hakuna anayepaswa kuambiwa kwamba njaa ni mwalimu. Lakini mlango ule unathibitisha jambo jingine. Miezi kumi na minane imefichwa ndani ya mkato mmoja, na hakuna mtazamaji anayeiona. Mwanga ni uleule, koti ni lilelile, mabega yameinama vilevile. Umaskini ulileta ucheleweshaji. Kuufanya ucheleweshaji usionekane ilikuwa kazi ya watu wanaokumbuka taa ilikaa wapi.

Wapo watakaosema ufundi bila maana ni mapambo, na kwamba msanii asiyeeleza kazi yake anawadharau watazamaji. Lynch aliiita filamu hii kazi yake ya kiroho kuliko zote, na aliandika kwamba sentensi moja ya Biblia ndiyo iliyomfungulia kazi nzima, kisha akakataa kuitaja. Naelewa kwa nini inaudhi. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili si mgeni wa ugomvi huu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, baadhi ya wasomaji waliona wamefungiwa mlango, na wengine wakaona mlango mpya umefunguliwa katika riwaya yetu; mwandishi hakutoa ufunguo wa kuumaliza mjadala, na hakuna aliyeupoteza muda wake kwa kusoma bila ufunguo. Maana ya Eraserhead si siri kubwa kiasi hicho. Hofu ya kuwa mzazi kabla ya kuwa tayari imejaa kila kona, na Lynch mwenyewe aliingia ubaba akiwa kijana, katika Philadelphia ya viwanda na uhalifu ambayo hakuchoka kuitaja. Ukishasema hivyo umesema kweli, na filamu bado haijaisha. Kuna kichwa cha Henry kinachodondoka, kijana anakiokota na kukipeleka kiwandani, na humo kinatobolewa ili ubongo wake utengenezewe vifutio vya penseli, kisha fundi anajaribu kimoja kwa kufuta mstari na kupangusa vumbi. Hofu ya ubaba haitoshi kuieleza picha hiyo. Picha hiyo imetengenezwa kwa usahihi mno kiasi kwamba inazidi hofu iliyoizaa.

Na ukatili? Mwisho wake ni wa kutisha: baba anamuua mwanawe mgonjwa, nasi tunaoneshwa. Anayeshindwa kuutazama hana kosa. Ninachoweza kusema ni kwamba filamu haimdhihaki mtoto. Kilio chake kimerekodiwa na kupewa nafasi kama cha mtoto yeyote, mateso yake yana muda wake, na Henry, kabla ya kushindwa, anaonekana akimwekea mashine ya mvuke ili apumue vizuri, akikesha kando yake kwa upole usio na maarifa. Tunachoshindwa kukivumilia ni huruma yetu wenyewe iliyoamshwa na kitu tulichokwisha kukiogopa. Kasoro ninayoiona iko kwingine. Wanawake wa filamu hii wamechorwa kupitia hofu ya Henry peke yake. Mary analia, mama yake anakoroma kwa tamaa na hasira, jirani anashawishi, na hakuna hata mmoja anayepata dakika ya kuwa na mawazo yake. Uangalifu uliotumika kwa rejeta ungetosha kumpa Mary zaidi ya alichopewa, na Stewart alikuwa na uwezo wa kukibeba.

Kazi ya namna hii inadai utazamaji wa namna yake. Ben Barenholtz, msambazaji aliyeichukua, aliipeleka kwenye maonyesho ya usiku wa manane, kuanzia Cinema Village mjini New York mwaka 1977, na wapenzi wake walijengeka taratibu, mdomo kwa mdomo. Saa ile ilifaa kwa sababu za kiufundi kabisa: ukumbi wenye giza la kweli unaacha weusi wa picha uungane na weusi wa chumba, na spika kubwa zinaweza kutoa mvumo wa chini unaosikika kifuani. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini hivyo, na kioo chake kikitazamwa mchana kinageuza giza kuwa kijivu. Anayeitazama kwa simu ndani ya daladala atapata kisa chote, yaani ile aya moja niliyoieleza juu, na atakuwa na haki ya kuuliza watu wanasifia nini. Dakika 89 za filamu hii zinataka taa zizimwe na sauti ipandishwe.

Aliyeuona ufundi huo mapema kuliko wengi alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemdhania: Mel Brooks, mtengenezaji wa vichekesho. Alipoonyeshwa Eraserhead, alimkubali Lynch kuongoza The Elephant Man, iliyotoka mwaka 1980, ikiwa na John Hurt na Anthony Hopkins, fedha za kutosha na mpiga picha mzoefu, Freddie Francis. Sasa kisingizio cha ukata kiliondoka, na filamu ikabaki nyeusi na nyeupe. Splet akarudi kwenye sauti, na mitambo na mvuke ule wa Philadelphia ukahamia London ya enzi ya Victoria, ukizunguka hospitali alikolazwa Joseph Merrick, mtu aliyeumbuliwa na maradhi na kufanywa kioja cha maonyesho. Iliteuliwa mara nane katika tuzo za Oscar. Waliolia kwa ajili ya Merrick walikuwa wakitazamishwa mwili wa kutisha kwa mwanga uleule, kwa subira ileile na kwa mvumo uleule ambao miaka mitatu nyuma uliitwa upuuzi wa usiku wa manane.